Tangi la Pili

Katika kiwanda kile cha maziwa hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wapakiaji, madereva, mlinzi wa getini, hata meneja siku alizoamka vizuri, wote walimwita Mama Pua. Naye hakuchukia. Pua ndiyo iliyompa kazi.

Alikaa mapokezi. Kila asubuhi malori matatu yalileta madebe ya maziwa kutoka kwa wafugaji, na kabla debe halijamiminwa kwenye tangi lilisimama kwanza mbele yake. Alifungua kifuniko, akainama, akavuta pumzi moja fupi, akasema "pita" au "weka kando." Basi. Lililowekwa kando lilipelekwa maabara kwa Dada Kipimo, mwanamke mwembamba asiyependa porojo, ambaye alichanganya maziwa kidogo na spiriti. Yakiganda vipande vipande, yamechacha, na mfugaji anarudishiwa debe lake. Lililopita halikupimwa tena. Lilichanganywa na mengine, na madebe manne matano mabovu yakipenya siku moja, tangi zima linaharibika.

Kwa miaka kumi na mmoja hayakupenya. Aliwahi kumwambia mfugaji mmoja, "Ng'ombe wako kala vitunguu," na yule bwana akaapa kwa viapo vyote anavyovijua kwamba hapana. Kesho yake akarudi anacheka. Ng'ombe alikuwa amevunja ua akaingia bustanini kwa jirani. Mara nyingine alilikataa debe lililosuguliwa likang'aa kama sarafu mpya, akasema liliwahi kubeba mafuta ya taa. Na kweli, lilibeba.

Ndiyo maana Jumanne moja ya kiangazi, maziwa ya tangi la pili yalipoganda yakiwa kwenye mashine ya kuchemshia, hakuna aliyemfikiria yeye. Walisema ni bahati mbaya. Yalipoganda tena Jumatatu iliyofuata, meneja akamwita ofisini.

"Mama, una mafua?"

"Sina."

"Umebadilisha sabuni? Mafuta ya kujipaka?"

"Sijabadilisha kitu. Maziwa niliyoyapitisha yalikuwa mazima."

"Sasa yameharibikia wapi?"

"Kutoka kwangu mpaka kwenye tangi ni hatua kumi," alisema Mama Pua. "Muulize anayezitembea."

Aliyasema hayo kujitetea tu. Lakini akiteremka ngazi, maneno yale yakamgeukia mwenyewe. Nani anazitembea hatua kumi?

Malori mawili ya kwanza yaliingia mapema, yakajaza tangi la kwanza, na tangi la kwanza halikuwa na tatizo hata siku moja. Tangi la pili lilijazwa na lori moja tu, lile la njia ya mbali, lililofika saa tatu na nusu. Dereva wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe wa tumbo moja. Na aliyembembeleza meneja mpaka akapewa usukani ni yeye mwenyewe, Mama Pua.

Hakumwambia mumewe. Utamwambiaje mtu kwamba unamchunguza mdogo wake? Alianza kuangalia kimyakimya, na jicho likishaanza kutafuta halikosi la kuona.

Jumapili walikuwa wote kwa mama mkwe. Simu ya shemeji ikalia, akainuka, akaenda kuipokelea nje, nyuma ya pipa la maji. Alizungumza kwa sauti ya chini huku amewapa mgongo. Aliporudi mama yake akamuuliza, "Nani huyo wa kukutoa kwenye chakula?"

"Mtu wa kazi tu, mama."

Mama Pua akashusha kijiko. Mtu gani wa kazi anapiga simu Jumapili, wakati wenzake wa kazi wote anawajua, na mmoja wao ameketi hapahapa?

Kazini akaona mengine. Madereva wengine wakishaegesha hukaa kivulini kusubiri madebe yashushwe. Shemeji alishusha pamoja na wapakiaji, jasho likimtiririka. Bidii hiyo imetoka wapi? Kisha, kabla ya kushuka kwenye lori, alikuwa na kawaida ya kuinama chini ya kiti, na akiibuka anafuta midomo. Siku moja Mama Pua aliona weupe kwenye pembe ya mdomo wake, kama unga. Alitaka kumuuliza, lakini saa hizo huwezi kumuuliza mtu kitu mapokezi bila kupayuka. Tangu kiangazi kianze, kiwanda kilikuwa kimefunga kompresa mpya ya kupoza maziwa, nyuma kabisa ya ukuta wa mapokezi. Iliwashwa saa tatu kamili na ikiwaka vifuniko vya madebe vilitetemeka. Watu walizungumza kwa vidole na nyusi.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Akaamua kutega.

Alinunua chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu. Kila debe la lori la tatu alilolipitisha alilitia nukta moja chini ya mkono wa debe, mahali ambapo mtu asiyejua hawezi kutazama. Madebe yakabebwa. Naye akajifanya anakwenda kuchukua karatasi, akapita kwenye tangi, akahesabu. Arobaini, na nukta arobaini. Hakuna debe lililobadilishwa njiani.

Kesho yake asubuhi wakamwambia tangi la pili limeganda.

Mtu mwingine angeshukuru, akasema shemeji hana kosa. Yeye alikaa juu ya debe tupu akafikiri hivi: kama hakubadilisha maziwa baada ya kupita puani kwangu, basi ameidanganya pua yenyewe. Alishasikia kwamba wachuuzi wasio waaminifu hutia magadi kwenye maziwa yaliyoanza kuchacha ili ule ukali ufifie. Weupe. Chini ya kiti. Kila kitu kikakaa mahali pake, na moyo ukamwenda mbio kama wa mtu aliyeokota kitu cha mwenziwe.

Alhamisi, shemeji alipokwenda ofisini kutia saini, Mama Pua alipanda kwenye lori. Hakutafuta sana. Chini ya kiti palikuwa na kopo, na ndani ya kopo unga mweupe, umebaki nusu. Alishuka nalo akasimama katikati ya uwanja, kompresa ikinguruma nyuma yake, mpaka shemeji alipotokea mlangoni.

"Shemeji! Hii nini?"

"Ipi?"

"Hii hapa! Usijifanye huioni!"

Wapakiaji wakaacha kazi. Shemeji akakodoa macho kwenye kopo, kisha akamwangalia yeye, kisha akaangalia mlango wa lori uliokuwa wazi.

"Dawa ya kiungulia," alisema. "Umeingia kwenye lori langu?"

"Kiungulia gani cha kopo zima? Unakula mawe?"

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. "Ni soda ya kuokea," alisema. "Nachanganya na maji, nakunywa. Nimeambiwa na mke wangu. Muulize."

"Nitayauliza maziwa yaliyoganda!"

Meneja akashuka na kopo likapelekwa maabara. Dada Kipimo akalifungua, akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema, "Soda ya kuokea kweli. Kama imetiwa kwenye maziwa nitaiona. Nipeni saa moja."

Alipima madebe yote arobaini ya siku hiyo, kabla hayajamiminwa. Hakuiona popote. Manne kati yake, alisema, yalikuwa yameanza kuchacha, lakini soda hamna.

"Manne yamechacha na yamepitishwa?" meneja aliuliza.

"Yamepitishwa."

Meneja akavua miwani akaifuta kwa tai, kazi aliyoifanya kila alipokuwa na neno baya la kusema. Alimwambia shemeji akapumzike nyumbani wiki moja uchunguzi ukiendelea. Kisha akamgeukia Mama Pua.

"Na wewe usidhani uko nje ya hili. Aliyemleta hapa ni wewe. Anayepitisha mzigo wake ni wewe. Watu wanasema mlikuwa mnacheza ngoma moja, mkakanyagana miguu."

Alifika nyumbani habari imemtangulia. Mumewe, fundi cherehani, kwa kawaida alishonea sebuleni ili wapige soga yeye akichambua mboga. Siku hiyo alikuta cherehani kimehamishiwa barazani na fundi mwenyewe ameuelekeza mgongo mlangoni.

"Umemwita mdogo wangu mwizi mbele ya wapakiaji," alisema bila kugeuka.

"Sikusema mwizi."

"Ulisema nini?"

Cherehani kikaendelea kulia.

Wiki ile ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Lori la njia ya mbali liliendeshwa na mtu mwingine, mzee wa watu anayesinzia hata akiwa amesimama. Siku ya tatu tangi la pili likaganda vilevile. Sasa shemeji hayupo, soda haipo, na maziwa yanachacha. Meneja akamweka mlinzi wa getini asimame kando ya Mama Pua na daftari, aandike kila debe na kila neno. Naye Mama Pua akawa anamwangalia mlinzi. Kwa nini analishika kila debe? Alimwangalia yule mzee wa kusinzia. Mtu anayesinzia hivyo mchana, anafanya nini wakati wengine wamelala? Alimwangalia hata Dada Kipimo. Yule ndiye mwenye chupa zote, na ndiye aliyesema manne yamechacha, na nani alimhakiki?

Mwisho akajishuku mwenyewe. Nyumbani alijifunga kitambaa machoni akamwomba bintiye amletee vitu vya jikoni kimoja kimoja. Kahawa, karafuu, sabuni ya kipande, maziwa ya jana, maziwa ya leo. Hakukosea hata kimoja. Pua ilikuwa nzima. Basi akarudi palepale: kuna mtu.

Alhamisi iliyofuata umeme ulikatika. Fundi wa jenereta alikuwa hajafika, kwa hiyo saa tatu ilipita bila kompresa. Kiwanda kikanyamaza hivi kwamba ulisikia matone ya bomba. Lori la njia ya mbali likaingia, madebe yakashushwa, mlinzi akafungua daftari.

Debe la kwanza, pita. La pili, pita. La tatu alipofunua kifuniko aliurudisha uso nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Weka kando."

Mlinzi akaandika. Mpaka mwisho wa mzigo madebe matano yalikuwa kando, mengi kuliko aliyoyakataa kwa mwezi mzima kwenye lori hilo. Dada Kipimo akachota sampuli, akaenda nazo, akarudi.

"Yote matano," alisema.

Wakati huohuo jenereta ikaunguruma na kompresa nyuma ya ukuta ikaitikia. Mama Pua alikuwa bado ameshika mkono wa lile debe la tatu. Aliinama alinuse tena, kwa sababu tu ya kutaka kuujua ukali wake vizuri.

Maziwa. Maziwa ya uvuguvugu, ya kawaida, ambayo angeyapitisha.

La kwanza lililomjia kichwani ni kwamba yamebadilishwa. Aligeuka haraka akamtazama mlinzi. Mlinzi alikuwa anakuna sikio kwa kalamu. Akawatazama wapakiaji. Walikuwa wamekaa mbali, wanagawana kipande cha muwa. Akautazama mkono wake mwenyewe. Haukuwa umeliachia debe tangu alipolifungua. Hapakuwa na mtu wa kumshuku. Alitafuta, na hapakuwa na mtu.

Akafanya kitu ambacho baadaye alishindwa kueleza kilitoka wapi. Aliziba masikio kwa viganja, akayabana kwa nguvu, akainama. Ule ukali ukarudi. Haukuwa kama mara ya kwanza, lakini ulikuwepo, unamchoma ndani ya tundu za pua. Akaachia masikio. Ukafifia. Akaziba. Ukaja.

"Jamani njooni muone," mpakiaji mmoja akapiga kelele, "Mama Pua leo ananusa kwa masikio!"

Wakacheka mpaka wakaangusha muwa. Dada Kipimo peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara na kijiko mkononi. Akamwita ndani na kufunga mlango.

"Rudia ulichokuwa unafanya."

Hawakupoteza wakati. Dada Kipimo alijaza vikombe kumi na viwili, vingine maziwa mazima, vingine yaliyoanza kuchacha kidogo tu, akaandika namba chini ya kila kimoja. Kompresa ikiwaka, Mama Pua alipata saba kati ya kumi na viwili. Kompresa ilipozimwa kwa robo saa kwa ruhusa ya fundi, vikombe vikachanganywa upya, akapata kumi na kimoja.

Meneja aliposikia alitabasamu upande mmoja. "Mama, umetafuta kisingizio mpaka umekipata kwenye ukuta. Kelele inaingia sikioni. Pua inahusika wapi?"

"Hata mimi ningesema hivyo," alisema Mama Pua. "Ndiyo maana imenichukua wiki zote hizi."

"Jumamosi," Dada Kipimo akaingilia. "Wewe mwenyewe utapanga vikombe. Mimi nitakaa nje. Na wewe pia utanusa."

Jumamosi meneja alipanga vikombe kwa uangalifu wa mtu anayetarajia kuibiwa. Alivihesabu mara mbili, alifunga dirisha, akaandika namba kwa kalamu yake na kuificha karatasi soksini. Mama Pua alipata nane penye kelele, kumi na viwili penye kimya. Meneja mwenyewe alipata tisa penye kimya, penye kelele tano. Mlinzi alipata sita penye kelele na sita penye kimya.

"Mimi sina tofauti," mlinzi alisema kwa fahari.

"Wewe huna pua," alisema meneja, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze watu walicheka naye.

Dada Kipimo aliwaeleza alichokijua, bila kukiongezea. Alisema aliwahi kusoma kwamba watafiti wamepima jambo hili, na baadhi yao wamekuta kelele inawapunguzia watu uwezo wa kutofautisha harufu, ingawa si kwa wote wala si kwa kiwango kimoja. Sababu yenyewe bado haijawa wazi. "Labda ni kwa vile ubongo ni mmoja," alisema. "Ukishughulika na fujo ya mlango huu, mgeni mdogo anapita mlango wa pili bila kuulizwa."

"Si ndiyo maana tunasema kusikia harufu?" mpakiaji akadakia.

Mambo yakabadilika bila sherehe. Ghala la zamani la magunia, upande wa pili wa uwanja, likasafishwa likawekwa mlango mzito, na mapokezi yakahamia humo. Madebe ya lori la tatu yakawa yanapimwa kwa spiriti yote, yaliyonuka na yasiyonuka. Ikajulikana pia kwamba hakuna aliyekuwa akifanya hila. Njia ilikuwa ndefu, jua kali, na wafugaji wawili watatu walikuwa wakichanganya maziwa ya jioni na ya asubuhi. Siku zote walifanya hivyo, na siku zote pua ya Mama Pua iliwakamata, mpaka kompresa ilipokuja. Mlinzi akarudi getini kwake. Meneja hakumwomba radhi. Alimpitia tu asubuhi moja akasema, "Mama, ghala halina joto sana?" Mama Pua akahesabu hiyo ndiyo radhi yenyewe.

Radhi aliyodaiwa yeye ilikuwa ngumu zaidi. Alikwenda kwa shemeji siku ya mapumziko, peke yake, kwa sababu mumewe alimwambia, "Hili ulilifunga bila mimi, ulifungue bila mimi." Mke wa shemeji alimfungulia mlango, akamkaribisha kwa maneno machache, akamletea maji. Shemeji alitoka chumbani akaketi mkabala naye.

Alimweleza yote. Kompresa, vikombe, masikio. Alimweleza hata ile rangi ya kucha. Alisema, "Nimekosa, shemeji. Nimekuvunjia heshima kwa watu na kwa ndugu zako. Nisamehe."

"Unamkumbuka mtu wa simu?" aliuliza. "Ni mwenye lori la matofali. Nilikuwa namwomba kazi tangu mwanzo wa mwaka. Pale kiwandani mimi sikuwa dereva, nilikuwa shemeji wa Pua. Nikichelewa, nabebwa na shemeji. Nikiwahi, najipendekeza kwa shemeji. Ndiyo maana nilikuwa nabeba madebe, waone nafanya kazi." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nanong'ona nisikuudhi, kwa kuwa wewe ndiye uliyeniombea. Naanza matofali Jumatatu."

"Meneja amesema urudi."

"Nimesikia."

"Na kunisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini usiniambie kwamba ilikuwa kelele."

"Ilikuwa kelele, shemeji. Tumepima."

"Kelele ilikuzuia kusikia harufu ya maziwa," alisema, polepole, bila ukali. "Kwenye kiti changu ulipanda kwa miguu yako."

Mama Pua alikunywa maji yale yote kwa sababu hakujua afanye nini na glasi. Mke wa shemeji akamsindikiza mpaka barabarani, wakaagana.

Mumewe alirudisha cherehani sebuleni baada ya siku kadhaa, na soga zikarudi kidogo kidogo. Shemeji aliendesha matofali. Walipokutana kwa mama mkwe mwezi uliofuata alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za kazi, akacheka alipoambiwa habari za mlinzi asiye na pua. Kisha akachukua sahani yake, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, karibu na watoto.